Unga wa Jiwe la Chini

Siku ya tatu tangu jiwe la juu lichukuliwe, binti alikuta unga juu ya jiwe la chini.

Haukuwa mwingi. Ulijaa kiganja kimoja tu, mweupe, umekusanywa pembeni kwa upande wa mkono kama alivyokuwa akiukusanya mama yake. Binti alisimama mlangoni na ufagio, akautazama. Alijiambia ni unga wa zamani, umedondoka kutoka kwenye nyufa za ukuta. Akaufagia, akautupa uani. Kuku walikuja mbio kama kawaida yao, wakainamisha vichwa, kisha wakarudi nyuma wote kwa pamoja bila kudonoa hata chembe.

Hayo ni mambo ya zamani sana, enzi ambazo mali ya mwanamke aliyekufa iligawanywa kitu kwa kitu, sufuria kwa huyu na sanduku kwa yule, mwalimu akiandika na mashahidi wakisikiliza. Hati ikishaandikwa, ilisomwa kwa sauti mara tatu mlangoni pa nyumba ya marehemu, ili kama kuna mwenye haki aliyesahauliwa, asikie na ajitokeze. Utaratibu ulikuwa mzuri. Sisi wanadamu ndio tulio wabaya, Mungu atusamehe.

Mama yake binti alikuwa msagaji. Mtaa mzima ulileta nafaka kwake. Alikuwa na mawe mawili ya kusagia: la chini, kubwa, lililozikwa nusu katika sakafu ya chumba cha nyuma, na la juu, la duara, lenye mpini wa mti uliong'aa kwa jasho la mkono wake. Ukuta mwembamba ulitenga chumba hicho na chumba cha Bibi, mama mzazi wa msagaji. Bibi alikuwa kipofu na miguu yake ilikuwa imekwisha. Alilala kitandani mchana na usiku, na mlio wa mawe ndio uliomwambia kwamba kumekucha na kwamba mwanawe yu mzima.

Msagaji hakufia nyumbani. Alikwenda upande wa pili wa mji kumwona mjukuu mchanga kwa mwanawe mkubwa, homa ikamshika, na siku ya pili akawa maiti. Akazikwa hukohuko. Jioni ya siku ya tatu, watoto wake watatu walikaa ukumbini kwa kaka mkubwa, ambaye kazi yake ilikuwa ufundi wa milango.

"Bibi asiambiwe," alisema kaka mkubwa.

"Asiambiwe vipi?" aliuliza binti. "Si mwanawe aliyekufa?"

"Unataka afe naye? Moyo wa mzee ule utahimili? Mwambie mama amerudi, ila ana kidonda cha koo. Mganga amemkataza kusema, na amemkataza kumsogelea mtu asije akamwambukiza. Wewe saga kila siku. Akisikia mawe atatulia."

Kaka wa pili, ambaye watu wote walimwita Domo kwa sababu hakujua kufunga lake, alicheka bila furaha. "Na mimi je? Nije niwe nakohoa nyuma ya ukuta?"

"Nyamaza, Domo."

"Nauliza tu, kaka. Kazi ya kufufua watu ni kubwa, labda unahitaji vibarua."

Huruma aliyoisema kaka mkubwa haikuwa uongo mtupu. Alimpenda Bibi kwa namna yake. Lakini chini ya huruma hiyo palikuwa na jambo jingine. Mama wa marehemu ana sehemu yake, moja katika sita, na Bibi angeitaka iwe kile chumba cha mawe. Kaka mkubwa alikuwa ameshakipima chumba hicho kwa hatua zake. Alikitaka kiwe karakana.

Basi siku ya kugawa, mwalimu wa chuo alipolowesha kalamu na kuuliza, "Marehemu ameacha mzazi yeyote aliye hai?" kaka mkubwa alijibu, "Hapana."

Mwalimu aliinua macho. Aliwahi kusikia kwamba yuko kikongwe katika nyumba ile. Akamtazama binti aliyesimama kwenye kizingiti. Binti alikuwa na neno hilo mdomoni, zima, tayari. Akatazama vidole vyake vya miguu. Na mwalimu naye hakuuliza mara ya pili, akaandika.

Hati ilisomwa nyumbani kwa kaka mkubwa, si mlangoni pa marehemu. Ilisomwa mara moja, kwa sauti ya mtu anayesoma peke yake. Domo alipata vyombo vya shaba na sehemu ya mbele ya nyumba. Kaka mkubwa alipata chumba cha nyuma, sanduku la nguo, na jiwe la juu, kwa kuwa alihitaji kitu kizito cha kugandamizia mbao zake zikipakwa gundi. Binti alipata chekeche mbili, kitanda, na jiwe la chini, maana wanaume wanne walishindwa kulitikisa.

"Angeweza kaka angegawa hata kivuli cha mama," Domo alinong'ona.

Kwa mwezi mmoja binti alisaga. Alijifunza kuinua bega kama mama yake na kutulia baada ya mizunguko michache. Upande wa pili wa ukuta Bibi alikuwa akisema, "Pole na koo, mwanangu. Usijibu, usijitoneshe." Binti alikuwa akilia kimya huku mkono ukizunguka, machozi yakidondokea unga, na alipompelekea Bibi chakula alijifuta uso kwanza, ingawa alijua kwamba Bibi haoni.

Halafu kaka mkubwa akaja na mkokoteni, akalichukua jiwe lake.

"Bibi nimwambie nini?"

"Mwambie mama anapumzika. Baada ya wiki mwambie amesafiri. Mambo ya kupunguza polepole haya."

Binti akamwambia Bibi kwamba mama anapumzika. Bibi aligeuza uso ukutani akabaki hivyo siku nzima, na siku iliyofuata, akisikiliza.

Siku ya tatu ndipo ulipoonekana ule unga.

Siku ya nne, jua likiwa utosini, mtaa umetulia, kila mtu amejificha kivulini, binti alikuwa uani akianika nguo aliposikia mawe yakisaga. Alisikia kwanza kama mtu anavyosikia jambo alilolizoea, bila kushtuka, hata akawaza, mama leo amechelewa kuanza. Kisha mikono yake ikasimama juu ya kamba. Nguo iliyolowa ikamdondokea miguuni. Akaenda polepole mpaka mlango wa chumba cha nyuma, akausukuma kwa kidole kimoja, na ndani hapakuwa na mtu, palikuwa na jiwe la chini peke yake katikati ya sakafu, na mlio ulitoka kwake, krrr, krrr, krrr, bila kitu chochote juu yake, na unga ulikuwa ukichomoza kwenye uso wa jiwe kama jasho linavyochomoza kwenye paji la mgonjwa, ukijikusanya pembeni wenyewe, ukisogezwa na upande wa mkono usioonekana, na chumba kilinuka harufu ya unga uliopata moto, harufu aliyoipenda tangu utotoni, na chini ya harufu hiyo ilikuwepo nyingine, ya udongo uliochimbwa sasa hivi, ile aliyoinusa siku walipomrudisha mama yake ardhini.

Kutoka upande wa pili wa ukuta, Bibi alisema kwa furaha, "Haya, mwanangu! Umeshapumzika? Taratibu basi, usijichoshe."

Binti hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale mlangoni.

Tangu siku hiyo Bibi alikataa chakula.

"Nimeshakula," alisema. "Mama yako ameniletea uji."

"Lini, Bibi?"

"Mchana. Ameingia, ameniwekea bakuli mikononi. Mikono yake imekuwa baridi siku hizi. Damu imempungua, mtafutieni dawa."

Kweli lilikuwepo bakuli juu ya kitanda, na ndani yake mabaki meupe. Binti aliingiza kidole, akaonja. Kilichokwaruza katika meno yake hakikuwa nafaka. Alitema, akaenda chumba cha nyuma, akapiga magoti, akapapasa jiwe la chini. Uso wa jiwe, uliokuwa sawa tangu binti alipozaliwa, ulikuwa umeanza kubonyea. Palikuwa na mashimo mawili membamba, yamekaa sambamba, yenye umbo la viganja. Hicho kilichokuwa kikisaga kilikuwa kinasaga jiwe lenyewe kwa mikono mitupu, na Bibi yake alikuwa akinywa mawe.

Baada ya siku tisa Bibi alikuwa amebaki ngozi na mifupa. Midomo yake ilikuwa myeupe, na alipogeuzwa kitandani tumbo lake lilitoa mlio wa changarawe. Hata hivyo alitabasamu. Kila mchana alingoja.

Domo alikuja, akasikia. Alitoka mbio kumfuata kaka yao. Kaka mkubwa naye akaja siku hiyohiyo kabla ya adhuhuri, na uso wake haukuwa wa mtu aliyekuja kubisha.

"Jiwe la kwangu linatoa maji," alisema chini kwa chini. "Kila mbao ninayoiweka chini yake inapasuka. Nilidhani ni gundi."

"Si gundi, kaka," alisema Domo. "Tusidanganyane."

"Aitwe mwalimu. Lakini kimyakimya, majirani wasijue."

Mwalimu alifika na kitabu chake na chupa ya maji aliyoyasomea. Alikuwa mtu mpole, mwenye kanzu iliyotiwa viraka kwa ustadi. Aliingia chumba cha nyuma jua likiwa juu kabisa. Ndugu watatu walisimama ukumbini. Mlio ulikuwa umeshaanza. Mwalimu akasoma, kwanza kwa sauti ya darasani, kisha kwa sauti ya mtu anayevuka mto wenye mkondo, lakini kadiri alivyosoma ndivyo mlio ulivyozidi kasi, unga ukawa unaruka hewani, ukamjaa kwenye ndevu, ukamjaa kwenye kurasa hata asione maandishi, naye akaendelea kwa moyo, macho ameyafumba, mpaka sauti ilipomjibu kutoka kwenye jiwe. Ilikuwa sauti ya msagaji, yenye kukwaruza, kama ya mtu mwenye kidonda cha koo.

"Mwalimu. Mlango wa chuo chako, siku hizi unafunga vizuri?"

Mwalimu akakifunga kitabu.

"Sikuvunja nyumba ya mtu," sauti iliendelea, bila hasira. "Walisema yupo. Walisema anasaga. Walimwekea nafasi mwezi mzima, wakaisafisha kila siku, kisha wakaiacha tupu. Mimi nilikuwa napita. Nikakaa."

Mwalimu alitoka, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa uani. Mweupe tangu utosi hadi miguu.

"Mlango wa chuo," alisema mwishowe, "nilitengenezewa na kaka yenu wiki mbili kabla ya hati. Hakutaka malipo. Kwa hiyo siku ile, nilipotilia shaka, niliona haya kuuliza mara ya pili. Maneno niliyoyasoma humo ndani ni ya kweli, wanangu. Ulimi ndio mchafu."

"Sasa tufanye nini?" binti aliuliza.

"Kinakaa kwa sababu tumesema yuko hai. Tuseme amekufa. Niandike hati upya, na mama yake ndani yake, na isomwe mlangoni mara tatu, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo."

Kaka mkubwa alitikisa kichwa. "Mkimwambia leo, hali aliyo nayo, mtamuua."

"Anakufa hivi sasa," alisema binti.

"Na chumba? Nimeshaagiza mbao. Wewe mwenyewe unakaa humu kwa hisani yangu na ya Domo, usisahau."

"Yangu usiitaje," alisema Domo.

Binti alimtazama kaka yake. Alimwogopa tangu utotoni. Alipoongea sauti yake ilitetemeka, lakini haikukatika. "Kaka, uliponiambia ninyamaze nilinyamaza. Sikunyamaza kwa heshima. Nilitaka na mimi chekeche zangu na kitanda changu, nisibaki mikono mitupu. Dhambi hiyo ni yangu, sikutupii wewe. Lakini leo nasema. Nifukuze kesho."

Akaingia kwa Bibi, akaketi kitandani, akaushika mkono wake. Ulikuwa mwepesi kama jani kavu.

Nje, mlangoni pa barabara, mwalimu aliikunjua hati mpya aliyoiandika. Majirani walichungulia. Na alisoma kwa nguvu zake zote: kwamba mwanamke fulani, msagaji wa mtaa huu, amefariki dunia, kwamba ameacha mama yake mzazi, wana wawili wa kiume na binti mmoja, kwamba mama ana moja katika sita, nayo ni chumba cha nyuma na kilichomo.

Aliposoma mara ya kwanza, mlio nyuma ya ukuta ukasita, kisha ukaendelea.

Aliposoma mara ya pili, ukawa mzito, krrr, na kimya kirefu, krrr, kama mtu aliyechoka mno ambaye hakuna mwenye kumpokea. Harufu ya udongo ikajaa nyumba nzima. Binti alihisi mtu amesimama kati ya kitanda na ukuta, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angemgusa, na baridi ya mtu huyo ilimpanda kutoka kwenye vidole vya miguu hadi magotini hadi kifuani, akataka kukimbia, akataka kuomba asamehewe, akataka, na hili lilimtisha kuliko yote, kugeuka na kusema, mama.

Mwalimu akasoma mara ya tatu.

Jiwe likanyamaza. Ulikuwa ukimya ambao haukuwahi kuwepo katika nyumba ile tangu ilipojengwa.

"Lini?" Bibi aliuliza.

"Mwezi mmoja umepita, Bibi, na siku kumi na tano. Kwa kaka. Homa. Tulikuficha. Na mimi nilikuficha."

Machozi yalitoka kwenye macho ya Bibi yasiyoona, yakachora mistari kwenye unga uliomganda mashavuni.

"Wewe nilikujua siku ya kwanza," alisema. "Mwanangu alikuwa akisaga huku anahema. Hata akijificha kulia, anahema. Wewe ulikuwa unahema, lakini kwa pumzi fupi, za msichana. Nikajua mwanangu hayupo. Nikasema moyoni, wananificha kwa sababu wananipenda. Nikawaachia."

"Na huyu mwingine?"

"Huyu hakuhema kabisa, mjukuu wangu."

Binti akaukaza mkono ule. "Bibi! Ulijua? Ukanywa vile alivyokuletea? Mbona hukusema?"

"Ningesema, angeondoka. Akishaondoka, ningebaki na nani nyuma ya ukuta? Ninyi jiwe mlishachukua."

Mlangoni, kaka mkubwa alikuwa amesimama. Alikuwa amesikia yote. Hakuingia. Aligeuka, akapita katikati ya majirani bila kumsalimu mtu, na kabla ya jua kuzama alirudi akisukuma mkokoteni mwenyewe, jiwe la juu ndani yake. Alianza kulishusha peke yake. Domo alifungua mdomo, akaufunga, akashika upande wa pili.

Binti alisaga jioni hiyo nafaka ya kweli. Alimpikia Bibi uji, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Bibi aliishi siku ishirini na tisa zaidi. Alimlilia mwanawe waziwazi, kama mama anavyostahili kulia. Kabla hajafa alimpa binti chumba kile kwa mkono wake, mbele ya mwalimu, na hati ikasomwa mlangoni mara tatu. Waliokuwepo wanasema sauti iliyoitikia kwa nguvu kuliko zote ilikuwa ya fundi wa milango.

Binti akawa msagaji wa mtaa. Watu walimshangaa kwa tabia moja: alipokuwa akisaga, alihema kwa sauti, kwa kukusudia, hata siku ambazo hakuwa amechoka. Wasichana aliowafundisha aliwaambia wafanye vivyo hivyo. Hakueleza sababu.

Ile mibonyeo miwili kwenye jiwe la chini haikufutika. Jiwe la juu liliifunika wakati wa kazi, na lilipoondolewa ili kufagiliwa, ilionekana tena, viganja viwili vyembamba vya mwanamke. Sakafu ya chumba kile ilikuwa ya baridi siku zote. Lakini adhuhuri, mtaa ukiwa umetulia, binti aliligundua jambo ambalo hakumwambia mwalimu wala ndugu zake. Alipiga magoti, akaweka viganja vyake ndani ya vile viwili, na vilikuwa na joto, joto la mkono wa mtu aliyeondoka sasa hivi.

Alijua kwamba haikuwa mama yake. Alijua, Mungu amsamehe, na hakuiondoa mikono yake mara moja.